Marangu ya Agosti na Marangu ya Desemba

(Hii ndo hotuba niliyoitoa tarehe 27 Desemba kwenye mkutano wetu wa kijiji. Kijana wangu aliirekodi kwa simu, mimi nimekaa nimeiandika kama nilivyosema, ila pale nilipojirudia sana nimepunguza.)

Shimbonyi ndugu zangu. Shimbonyi na nyie wa nyuma kule chini ya mringaringa, sogeeni basi, viti vipo.

Mwenyekiti wa kijiji, Baba Mchungaji, mama zangu na baba zangu mliokaa mbele, na nyie watoto wetu mliotoka Dar, Arusha, Mwanza, Nairobi na wengine mmepanda ndege kabisa kutoka huko mbali, karibuni nyumbani. Poleni na safari. Najua kuna waliolala Himo na kuna waliofika usiku wa manane wakakuta bibi amekaa jikoni anawasubiri na mtori umeshapoa mara tatu na mara tatu ameupasha.

Leo asubuhi nilishuka kwa miguu mpaka Marangu Mtoni pale madukani, nilikuwa nataka betri za tochi tu, nikakuta magari yamepangana barabara nzima mpaka mtu wa bodaboda anasukuma pikipiki kwa miguu. Nikasimama pale kwa muda mrefu kweli, nikawa naangalia tu. Kila boma linatoa moshi, harufu ya ndafu inakuja mpaka barabarani, watoto wanamwongelesha bibi yao Kiswahili cha mjini na yeye anawajibu Kichaga na wanaelewana vizuri tu, vijana wanapiga picha na Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, nyuma maana leo ameamka hana wingu. Nikafurahi jamani, nisiwafiche, macho yalilengwa na machozi. Nikasema kijiji kimejaa. Alafu nikakumbuka Agosti.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndo ulikuwa usiku wa sensa, mnakumbuka wote. Mimi nilikuwa nasaidiana na mwenyekiti wa kitongoji kumzungusha karani, binti mmoja mpole sana na kishikwambi chake mkononi, maana kwetu huku usipokuwa na mwenyeji utapotea, njia zote ni za mgombani na kila njia inafanana na nyingine. Sensa ya kwetu inamhesabu mtu pale alipolala usiku ule, siyo pale kwao. Tukaingia boma la kwanza, nyumba nzuri ya vigae, geti la chuma, tukagonga, akatoka kijana mlinzi. Karani akamuuliza umelala na nani hapa, akasema peke yangu. Boma la pili, bibi na mjukuu wa darasa la tatu. Boma la tatu kufuli. La nne kufuli, na majani yameota mpaka kizingitini. La tano mzee na mke wake, wote wamepita miaka sabini, wakatushika tukae tunywe chai na karani akasema mzee nina kazi, mzee akamwambia mwanangu kaa kidogo tu, wiki hii hajaingia mtu hapa. Tukakaa. Ningeweza kuondoka vipi?

Siku ile nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku yoyote niliyoshuka kambi ya Horombo kule mlimani na mzigo.

Sasa majibu ya sensa yalipotoka nikamwomba kijana wangu anisomee. Mkoa wetu wa Kilimanjaro mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022 tuko 1,861,934. Kwa iyo mtu atasema si tumeongezeka mzee, unalia nini, watu 221,847 si wachache. Lakini angalia nchi nzima, ilitoka 44,928,923 ikafika 61,741,120 kwa miaka hiyohiyo kumi. Yaani kwa kila watu mia moja waliokuwepo 2012 nchi imeongeza kama 37, sisi huku tumeongeza 13 au 14. Kuzaa tumepunguza, hilo kweli, lakini hao wengine wako wapi? Si nyie hapa! Mmehesabiwa Kinondoni, mmehesabiwa Temeke, mmehesabiwa Arusha, na mkoa wenyewe ukiugawa utaona watu wamejaa Moshi mjini na kule chini Himo na tambarare, siyo huku juu mgombani.

Naomba mnielewe vizuri, sijasimama hapa kumlaumu mtu aliyeondoka. Mimi naijua hesabu iliyowaondoa, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa ilipoanza. Babu zetu walikaa huku juu kwa sababu huku kuna maji na udongo na hakuna mbu. Walichimba mifongo, wakatoa maji kwenye korongo wakayatembeza kwenye mgongo wa mlima kwa mwelekeo mdogo mno mpaka mtu anayeangalia anadhani maji yanapanda, na hawakuwa na kipimo chochote zaidi ya jicho. Maji yakafika kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, ndizi juu, kahawa chini yake, magimbi chini ya kahawa, ng'ombe wawili zizini na samadi inarudi shambani. Kahawa yenyewe ilianza kwa mapadre pale Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1925 babu zetu wakaunda chama chao cha wakulima wa kahawa, 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha kahawa, na pesa ile ya kahawa ndo iliyojenga shule na kulipa ada. Kahawa imesomesha watu mlima huu jamani, kuna maprofesa wametoka kwenye miche mia tatu ya kahawa ya mama yao.

Lakini kihamba hakikui. Baba ana ekari tatu, ana vijana wanne. Wanne nao wana watatu watatu. Mkubwa anapewa pake, wa mwisho anabaki na nyumba ya baba kama mila inavyotaka, hawa wa katikati je? Hawa wa katikati ndo walioanza kupanda basi. Walikuwa hawana pa kukaa, na wengine ndo wamejenga nusu ya maduka ya Kariakoo. Alafu bei ya kahawa ikaanguka, watu wakang'oa wakapanda nyanya, wengine wakaacha tu ikazeeka na mzee wake. Kwa iyo mtu akisema vijana wamekimbia mlima kwa uvivu mimi nitambishia mpaka jioni.

Kuna jambo moja lakini linaniumiza, nalo ndo limenifanya niombe kuongea leo. Kahawa iliposhuka tuliambiwa msijali, mna mlima. Watalii watawalisha. Na mlima kweli tunao, mrefu kuliko wote Afrika, mita 5,895, na geti la kwanza kabisa lililojulikana duniani ni hili la kwetu. Iweje kijiji chenye mali kama hiyo kiwe na makufuli?

Nianze nyuma kidogo. Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni, na kwa Meyer ilikuwa mara ya tatu kujaribu. Walianzia hapa, kwa Mangi Marealle, yaani chifu wetu, hapahapa. Na tunavyosimuliwa sisi tuliokulia hapa aliyewaonyesha njia ni kijana wa kwetu, Yohani Kinyala Lauwo, ambaye wengine wenu mmemuona kwa macho maana alifariki 1996 akiwa mzee wa zaidi ya miaka mia. Na yuko mwingine tunamsahau, Mwini Amani, mtu wa Pangani, mtu wa pwani kabisa wa joto na minazi, huyu ndo alibaki juu kwenye kambi ya baridi anawapikia na kuwalindia moto wakati wale wawili wanahangaika na barafu. Mimi kila nikimfikiria huyu bwana navua kofia. Kwa iyo tangu siku ya kwanza mlima huu umepandwa kwa mgongo wa mtu anayebeba na mtu anayepika.

Wajerumani wakajenga vibanda, kimoja wakakiita Bismarck na kingine Peters, na kilele wakakiita jina la Kaiser wao. Leo vibanda vile tunaviita Mandara na Horombo, majina ya wamangi, mmoja wa Moshi na mmoja wa Keni kule Rombo, na kilele ni Uhuru, na usiku ule wa Desemba 1961 Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera. Majina tumeyarudisha nyumbani vizuri. Ni watu ambao hatujawarudisha.

Mimi nilianza kama mgumu, nyie mnaotoka mjini mnasema pota. Nilikuwa nabeba mayai. Watu hawajui kazi ya mayai, trei kichwani, njia ya msituni ina mizizi na utelezi, ukianguka umelipa. Baadaye nikawa mpishi msaidizi, baadaye mwongoza wageni msaidizi, mwisho nikapata leseni yangu. Nimepanda Mandara, Horombo, Kibo, Gilman's, Uhuru, nimeshuka, nimerudi tena, na miguu hii mnayoiona inapanda ngazi za kanisa kwa shida ndo hiyo. Zamani kidogo mtalii alikuwa anafika hapa jioni, analala hapa kwetu, ananunua ndizi sokoni, anakodi koti na viatu kwa mtu wa hapahapa, asubuhi anachagua wagumu getini na wote ni vijana wa vijiji hivi. Mlima ulikuwa unalipa kwa miguu, yaani pesa ilikuwa inatembea kutoka Mtoni mpaka getini na kila boma inaacha kidogo.

Siku hizi je? Mtalii ameshalipa kila kitu kwenye intaneti kabla hajatoka kwao. Anatua KIA, analala Moshi au Arusha, asubuhi anawekwa kwenye gari na chakula chake cha mchana kwenye boksi, gari linapita Mtoni halisimami, linafika getini, siku ya tano au ya sita anashuka anawekwa kwenye gari lilelile anapita Mtoni tena amelala maana amechoka. Amekaa kwenye mlima wetu karibu wiki nzima na hajanunua kwetu hata ndizi moja. Na wagumu wake wametoka naye mjini, kwa sababu ofisi za makampuni ziko mjini, ukitaka kazi ukae karibu na ofisi, simu ikilia saa kumi na moja alfajiri uwe umefika saa kumi na mbili. Kwa iyo kijana wa Marangu anayefanya kazi ya mlima wa Marangu anapanga chumba Moshi, Majengo au Pasua. Hata kazi ya mlima imewashusha vijana kutoka mlimani! Hiyo ndo sehemu ambayo mimi usiku inaninyima usingizi.

Kuhusu malipo sitaongea sana, wengine hapa mna makampuni na nawaheshimu, wapo mnaolipa vizuri na vijana wanawasema vizuri. Lakini nimewahi kushuka na kundi la watu wanane, kampuni siitaji, mgeni akasimama pale getini akatoa bahasha ya shukrani mbele yetu wote akasoma kiasi, na jioni ile mgumu akapokea chini ya nusu ya kile kilichosomwa. Kijana yule alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Hakusema kitu. Mwaka uliofuata nikasikia yuko Dar anaendesha bajaji. Mnaona watu wanavyoondoka? Wengine wanaondoka kwa bahasha.

Niliwahi kuwa na mgeni mmoja Mswisi, mzee mwenzangu, tulikaa pale Horombo siku ya mapumziko tukaota jua akaniambia kwao nako kuna kijiji chini ya mlima, kinaitwa Zermatt. Mlima wao ni Matterhorn, mita 4,478, mfupi kuliko wetu lakini mkali kama Mawenzi, kile kilele chetu cha pili. Watu wa pale walikuwa maskini wa mbuzi na viazi mpaka wapandaji walipoanza kuja, na mlima ulipandwa mara ya kwanza 1865, yaani siyo mbali sana na sisi. Wakazi wa kudumu ni kama 6,000 tu mpaka leo, magari ya petroli hayaruhusiwi kuingia, unafika kwa treni. Nikamuuliza sasa mahoteli yale ya nani? Akasema mengine ni ya familia za palepale, na zaidi ya hapo ukoo wa wenyeji wa zamani wana jumuiya yao ya kisheria, inamiliki mahoteli yake yenyewe na ina hisa kwenye yale magari ya kamba yanayopandisha watu mlimani. Mimi nilibaki kimya muda mrefu. Nikawaza, KNCU si tuliianzisha sisi? Babu zetu waliweza kukusanya kahawa ya maelfu ya watu wakaiuza ng'ambo pamoja, sisi tunashindwa kukusanya vyumba?

Maana vyumba vipo. Nyie mliojenga, na naomba msikasirike, mmejenga nyumba nzuri kuliko hoteli nyingi nilizowahi kulaza wageni. Vyumba vitano, maji ya moto, kibaraza kinaangalia Kibo. Mnazifungua wiki mbili kwa mwaka. Wiki hamsini zilizobaki panya ndo wenye nyumba. Na hapohapo mita mia tano kuna maporomoko ya Kinukamori, kuna Ndoro, kuna Kilasiya, kuna mapango ya wazee wetu, kuna wahunzi pale Mamba wanafua mkuki mbele ya macho yako, kuna mama anayekaanga kahawa kwenye chungu na kuitwanga kwa kinu akiimba. Mtalii akilala kwako usiku mmoja kabla ya kupanda na usiku mmoja akishuka, mama wa jirani amepika mtori, kijana amemtembeza, binti amefua nguo zake zilizojaa vumbi la Kibo, na mwili wake pia unakuwa umeanza kuzoea hewa ya juu kidogo kuliko aliyelala mjini. Tafadhali zungumzeni na sisi kuhusu hizo nyumba. Tutengeneze ushirika wa vyumba, wenye sheria, wenye vitabu vinavyokaguliwa, na funguo zikae kwa watu mnaowaamini.

Nimesema binti, ngoja nikae hapo kidogo kwa sababu najua kuna wazee wenzangu watanuna. Tunasema hatuna warithi wa vihamba, vijana wameondoka. Wasichana je? Nani yuko na mama yake mgonjwa sasa hivi kwenye boma zetu? Mnajua wenyewe, ni binti, ameachika au hakuolewa au mume wake amekubali akae kwao, yeye ndo anakata majani, anakamua, anampeleka mama hospitali, na siku mama akizikwa anatokea kaka kutoka mjini na mnunuzi. Nimeshuhudia hilo mara nyingi na kila mara nimekaa kimya na ninatubu mbele yenu leo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume kwenye ardhi. Basi tusimsubiri hakimu. Mzee mwenye binti anayelima, mwandikie wakati bado una nguvu ya kushika kalamu, ita ukoo, panda isale kwenye mpaka watu wote wakiona, iishe.

Na kuna wengine tunaowasahau tukijihesabu. Yule mlinzi wa boma la kwanza niliyewaambia, karani alipomuuliza umezaliwa wapi akasema Singida. Anakata majani ya ng'ombe wa mtu, anafagia uwanja wa mtu, anawasha taa jioni ili nyumba ionekane ina watu. Ana miaka sita hapa. Msiba ukitokea anabeba jeneza, mvua ikileta maporomoko yeye ndo wa kwanza na koleo. Lakini kwenye mikutano yetu anakaa nje ya geti. Ndugu zangu, huyo ndo mkazi wa Marangu. Sensa imemhesabu Marangu, mimi na wewe ni nani tusimhesabu? Kama kuna kihamba kimelala na yeye anataka kulima, mkodishe kwa maandishi, bei ya kibinadamu, mpe miaka ya kutosha apande hata kahawa mpya zile fupi zinazostahimili magonjwa. Kihamba kikikaa bila mtu miaka mitatu migomba inaanguka yenyewe, nyie mnaikuta Desemba mnasema migomba imekuwa mibovu siku hizi. Haijawa mibovu. Haijaona mtu.

Nimalizie kwa maji, maana maji ndo yaliyotuleta huku.

Tunaambiwa barafu ya Kibo inaisha na ni kweli, mimi mwenyewe nimeiona ikirudi nyuma, sehemu nilizokuwa napita nikiwa na wageni tunaigusa kwa mkono leo ni mawe matupu. Tangu 1912 imepotea zaidi ya asilimia themanini, na UNESCO wamesema kufika 2050 huenda haipo kabisa. Inauma sana kuangalia. Lakini maji ya mifongo yetu sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu, yanatoka kwenye msitu, mvua na ukungu unashikwa na miti ile na moss zile unapita taratibu kwenye udongo mpaka kwenye chemchemi. Msitu ndo tanki letu. Msitu ule mnajua historia yake, ile nusu maili ya mwaka 1941, ukanda wa msitu ambao mama zetu walikuwa wanaingia kukata majani na kuokota kuni, alafu hifadhi ikaanzishwa 1973, na 2005 msitu wote ukaingia ndani ya hifadhi na ile nusu maili humohumo. Kuna maumivu kwenye hilo na wazee wanayajua. Ila mwaka 2020, Oktoba 11, moto ulipowaka pale Whona kati ya Mandara na Horombo, nani alipanda? Askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, na wanakijiji. Watu walewale waliokatazwa kuni wamepanda na matawi mabichi mikononi kupiga moto, na mwaka ule wageni walikuwa hawaji kwa sababu ya korona, hakuna aliyekuwa na hela mfukoni. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshaacha kazi ya mlima lakini nilibeba maji mpaka nilipoishia. Na nilipoangalia kulia na kushoto nikaona watu wengi wa umri wangu. Hilo lilinitisha kuliko moto, sijui kama mnanielewa. Moto mwingine ukiwaka baada ya miaka kumi tutapanda na nani?

Mfongo wetu huu wa juu, ule uliochimbwa na babu wa babu zetu, ulikuwa unasafishwa na ukoo wote, baragumu inapigwa alfajiri na kila boma linatoa mtu, asiyekuja anatozwa pombe. Mwaka huu tulipiga baragumu mwezi wa nane tukatoka watu tisa. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 52. Tukafanya tulichoweza, tukafika nusu, pale kwenye jiwe kubwa udongo umeporomoka umeziba kabisa na sisi tisa hatukuweza kuutoa. Maji tangu mwezi wa nane yanamwagika korongoni na migomba ya boma zote za chini ya jiwe inakunywa mvua tu, na mvua za vuli mmeziona wenyewe mwaka huu.

Leo hapa nimehesabu wakati kwaya inaimba. Wanaume kwa wanawake wenye nguvu, kuanzia miaka kumi na tano mpaka hamsini, nimefika mia mbili nikaacha kuhesabu.

Najua wengi mna tiketi, wengine mnaondoka kesho mchana, wengine keshokutwa. Naomba asubuhi yenu moja. Kesho saa kumi na mbili na nusu tunakutana hapahapa kanisani, tunapanda pamoja mpaka kwenye banio, pale maji yanapoingia mfongoni, tunashuka tukisafisha mpaka kwenye lile jiwe. Mwenyekiti amesema kijiji kina majembe ishirini na makoleo kumi na moja, kwa iyo mwenye la kwake aje nalo, na mwenye mtaimbo aje nao zaidi maana jiwe lile linahitaji mitaimbo. Mama zetu wa kwaya wameahidi machalari saa nne na mbege ipo. Vaeni viatu vya zamani. Leteni na watoto, hata wale wadogo, waje waone maji yanapopita kwenye mgongo wa mlima, waulize kwa nini yanaonekana kama yanapanda. Na kijana wa Singida nimeshamwambia, yeye ndo anajua njia ya juu iliyo kavu, atatangulia mbele.

Aika mbe. Aika mae. Tuonane asubuhi.